Somo la Sindano

Vitabu vingi vya historia ya Aktiki huanza na meli. Mwaka 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari ya kupita kaskazini mwa Amerika. Watu 129 walioingia nazo barafuni hawakurudi hata mmoja. Tangu hapo zimeandikwa riwaya, zimetungwa nyimbo, zimetengenezwa tamthilia za televisheni. Mabaki ya Erebus yalipopatikana mwaka 2014, na ya Terror mwaka 2016, habari ilizunguka dunia. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba Wainuiti walikuwa wakisimulia habari za meli hizo, kizazi hadi kizazi, kwa zaidi ya miaka mia moja na nusu.

Mimi nataka kuanza na sindano.

Mwaka 1903 Mnorwe mmoja, Roald Amundsen, alifika eneo lile lile akiwa na wenzake sita katika chombo kidogo kiitwacho Gjøa. Alitia nanga kwenye ghuba ya King William Island, kisiwa ambacho wengi wa watu wa Franklin walikufia, akakaa hapo karibu miaka miwili. Wenyeji walikuwa Wainuiti wa Netsilik. Amundsen alikuwa na akili ya kutazama wenyeji wamevaa nini. Akaacha sufu ya Ulaya, akavaa ngozi kama wao, akajifunza kwamba nguo ya baridi kali haibani mwili, bali inaacha hewa izunguke ili jasho lisije likaganda. Mwaka 1906 akakamilisha safari ambayo Franklin aliifia. Tarehe 14 Desemba 1911 akawa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, na somo alilopata kwa Wanetsilik alikwenda nalo.

Sifa zote ni za Amundsen, na sikatai, zake anastahili. Lakini nguo zile zilishonwa na watu. Wanawake walikaa chini, wakapima kwa macho, wakakata, wakashona. Historia haina majina yao. Basi nilipopata nafasi ya kujifunza kushona ngozi ya sili kwa mama mmoja wa Kiinuiti hapa Ottawa, nilikwenda nikiwa na swali hilo kichwani: ukiisoma historia kwa upande wa sindano, inasemaje?

Huenda utashangaa, msomaji, kwa nini Ottawa. Mji huu, ambao siku hizi husikii ajabu ukikutana na Kiswahili cha Bujumbura au cha Bukavu ndani ya basi, ndio pia wenye jamii kubwa ya Wainuiti kusini mwa Kanada. Wagonjwa kutoka visiwa vya mashariki mwa Nunavut huletwa hospitali za hapa. Wengine huja kusoma, wengine kazi, wengine hubaki. Mwalimu wangu ni mmoja wa waliobaki. Jina lake sitaandika, kwa sababu hilo lilikuwa sharti lake la kwanza. Sharti la pili ni kwamba nisiandike vipimo vya nguo ya mtu yeyote. Ana umri wa mama yangu, na mdomo wangu haukuweza kumwita kwa jina tupu kama wanavyofanya watu wa huku, hivyo nilimwita Mama. Naye akaniita panik, yaani binti.

Siku ya kwanza hakuniuliza kazi yangu wala nchi yangu. Aliniuliza nina jina la nani. Nikamwambia la bibi yangu, mzaa mama, wa Tanga. "Kwa hiyo mama yako anakuitaje?" Nikamweleza kwamba bibi alipokuwa hai aliniita somo, maana sisi wa pwani mtu mliyechangia jina ni somo wako, na kwamba neno hilo hilo ndilo la kinachofundishwa darasani, na ndilo pia la mwanamke anayemfunda mwari. Mama akaacha kazi aliyokuwa nayo mkononi. Akasema kwao wapo pia, anaitwa sauniq, na neno hilo maana yake ni mfupa.

Kwa Wainuiti jina si lebo. Mtu akifa, jina lake hupewa mtoto anayezaliwa, na mtoto huingia katika nafasi ya marehemu. Jina halina jinsia: mvulana anaweza kubeba jina la bibi, na mama yake mzazi akamwita "mama" bila mtu kucheka. Ndugu huitana kwa uhusiano zaidi kuliko kwa majina. Hakuna jina la ukoo. Huo ni mfumo kamili, na ulifanya kazi kwa karne nyingi mpaka makarani walipofika.

Makarani hawakuuelewa. Kuanzia mwaka 1941 serikali ya Kanada iligawa visahani vidogo vya duara, kila kimoja na namba, E kwa wa mashariki na W kwa wa magharibi. Kisahani kilikuwa na tundu la kupitishia kamba ili kivaliwe shingoni au kishonwe kwenye nguo. Msomaji wa Kenya hahitaji nimweleze zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanaume Waafrika walivalishwa kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kipande kilikuwa cha kudhibiti kazi, kisahani kilikuwa cha kurahisisha daftari, lakini shingo ni shingo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mwinuiti Abe Okpik alitumwa kuzunguka kaskazini, kambi kwa kambi, ili kila familia ichague jina la ukoo. Mwimbaji Lucie Idlout baadaye aliipa albamu yake jina la namba ya mama yake: E5-770, My Mother's Name.

Sasa angalia hili. Ukiinua sanamu ya mawe iliyochongwa miaka ya 1950, mara nyingi utaona chini yake namba ya kisahani. Mchongaji alitia sahihi kwa namba. Leo wataalamu wa makumbusho hutumia namba hizo kurudisha majina ya wachongaji. Yaani chombo kilichofuta jina ndicho kilichobaki kuwa ushahidi wa jina.

Turudi kwenye ngozi. Kuna ngozi mbili kubwa katika ushonaji wa Kiinuiti. Ya kwanza ni ya karibuu, mnyama wa jamii ya paa mwenye pembe za matawi, ambaye jina lake lilinichekesha kila lilipotajwa kwa sababu lilikuwa kama ananikaribisha. Unywele wa karibuu una uwazi ndani, hushika hewa, na hewa iliyoshikwa ndiyo inayozuia baridi. Nguo kamili ya majira ya baridi ilikuwa tabaka mbili: ya ndani manyoya yakielekea mwilini, ya nje yakielekea nje. Ya pili ni ngozi ya sili, ambayo haina joto kama hiyo lakini inahimili maji. Hiyo ndiyo ya kamik, yaani buti.

Ngozi husafishwa kwa ulu, kisu cha wanawake chenye umbo la nusu mwezi na mpini juu katikati. Huondolewa mafuta, huwambwa, hukaushwa, kisha hulainishwa. Zamani ilitafunwa, na wanawake wazee walikuwa na meno yaliyolika kabisa kwa kazi hiyo. Uzi ulitoka kwenye kano za mgongo wa karibuu, zikachanwa nyuzi nyembamba. Uzi huo una tabia ambayo nailoni haina: ukilowa huvimba, ukaziba tundu la sindano.

Na mshono wenyewe ndio uliponiacha mdomo wazi. Ili buti lisipitishe maji, sindano haitoboi ngozi ya pili hadi upande wa pili. Huingia katikati ya unene wake, hutembea humo ndani, hutoka upande ule ule ilioingilia. Kisha kazi hugeuzwa, ikashonwa mstari mwingine kwa upande wa pili kwa namna hiyo hiyo. Hakuna mahali ambapo tundu limepita moja kwa moja. Unene wenyewe ni kama wa ganda la chungwa, na kwa karne nyingi kabla ya sindano za chuma kazi hii ilifanywa kwa sindano za mfupa na za pembe. Mama aliifanya huku anaongea, kastabani kwenye kidole cha shahada, macho akiyatupia dirishani. Aliposema mshono mmoja mbaya unaweza kuua mtu, hakuwa anapamba maneno. Mwindaji akikanyaga maji kwenye barafu, mbali na nyumbani, na buti likavuja, mguu huganda. Mtu asipoweza kutembea hawezi kuwinda, na familia haili. Katika maisha hayo mume asiye na mke anayejua kushona alikuwa hatarini sawasawa na mke asiye na mume anayejua kuwinda.

Kuna amauti pia, koti la mama mwenye mtoto. Lina mfuko mgongoni chini ya kofia kubwa, na mtoto hukaa humo akigusana na mgongo wa mama yake, huku mkanda kiunoni ukizuia asiteleze. Nilimwambia Mama kwamba kwetu kuna mbeleko. Akataka kuona. Nikavua mtandio wangu, nikamfungia mwanasesere wa mjukuu wake mgongoni. Akazunguka nao chumba kizima.

Kazi hizi zilikuwa na msimu. Ngozi bora ya karibuu kwa nguo hupatikana mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa vuli, wakati manyoya hayajawa mazito mno. Kwa hiyo ushonaji mkubwa ulifanyika vuli, kabla familia hazijahamia kwenye barafu ya bahari. Knud Rasmussen, aliyezunguka nchi hizo kati ya 1921 na 1924, aliandika kwamba ilikuwa mwiko kushona ngozi ya karibuu watu wakiwa barafuni wanawinda sili. Vya nchi kavu na vya baharini havikuchanganywa. Ukipitwa na vuli, umepitwa na mwaka.

Shikilia hilo la vuli, maana ndilo lililonifanya nielewe maisha ya mwalimu wangu.

Alichukuliwa kwa ndege akiwa na umri wa miaka saba kupelekwa shule ya bweni. Miaka ya 1950 na 1960 serikali ilipanua shule hizo kaskazini, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, katika ripoti yake ya 2015, imeandika kwa kirefu yaliyotendeka humo. Mama hakutaka kuyazungumza mengi. Alisema kitu kimoja tu, na alikisema kama mtu anayesoma kalenda: ndege ilikuja Agosti. Ilimrudisha kiangazi. Kila mwaka, mama yake mzazi alipokuwa ametandaza ngozi na kuanza kukata, binti alikuwa yuko darasani mbali, anafundishwa kufuma vitambaa kwa uzi wa pamba. Hakuna sheria iliyosema watoto wa Kiinuiti wasijifunze kushona ngozi, na haikuhitajika. Ratiba ya shule ilitosha.

Wakati huo huo kifua kikuu kilikuwa kinamaliza watu. Meli ya serikali, C.D. Howe, ilizunguka vijijini kila kiangazi ikiwa na mashine ya eksirei. Aliyekutwa na ugonjwa mara nyingi hakuruhusiwa hata kushuka kuaga. Mwaka 1956 takriban Mwinuiti mmoja katika kila saba alikuwa hospitalini kusini. Huko Hamilton, Ontario, wagonjwa walichonga sanamu vitandani na wanawake wakashona wanasesere. Wengine walikufa wakazikwa bila ndugu kujua wapi. Machi 2019 waziri mkuu Justin Trudeau alikwenda Iqaluit kuomba radhi.

Na hapo hapo, katika miaka hiyo hiyo ya bweni na hospitali, dunia ikaigundua "sanaa ya Kiinuiti". Mwaka 1948 msanii kijana James Houston alifika Inukjuak, akarudi na sanamu ndogo ndogo, na mwaka 1949 maonyesho ya mauzo Montreal yakauza kila kitu. Mwaka 1951 kikatoka kijitabu chenye michoro cha kuwaonyesha Wainuiti ni vitu gani watengeneze ili wanunuzi wa kusini wavipende. Fikiria hapo: watu ambao walikuwa wakichonga na kushona tangu zama na zama wanapewa kitabu cha kuwafundisha kazi za mikono za Kiinuiti. Baadaye Houston alikwenda Japani kujifunza kuchapa picha kwa mbao, akaipeleka elimu hiyo Cape Dorset, ambayo leo inaitwa Kinngait. Humo akatoka Kenojuak Ashevak, ambaye picha yake ya bundi ya mwaka 1960, The Enchanted Owl, iliwekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970. Nakala moja ya picha hiyo iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola za Kanada 216,000. Kenojuak mwenyewe alikuwa amefariki miaka mitano kabla.

Sisemi Houston alikuwa mtu mbaya. Familia nyingi zilikula kwa sababu ya soko hilo, na wasanii walilitumia kusema waliyotaka kuyasema. Ninachosema ni kwamba soko lilichagua. Jiwe lililochongwa na picha iliyochapwa vikaitwa sanaa, vikapanda thamani. Buti na koti vikabaki kuitwa "kazi za mikono", na kazi za mikono ni za wanawake, na za wanawake huuzwa bei ya kutupa.

Kisha ukaja mwaka 1983. Watetezi wa wanyama walikuwa wamepiga kelele kwa miaka mingi kuhusu kuuawa kwa watoto wa sili weupe huko Newfoundland, na Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku kuingiza ngozi za watoto hao. Wainuiti hawakuwa wakiwinda hao. Wao waliwinda sili wakubwa, wakala nyama na kuuza ngozi iliyobaki. Lakini mnunuzi wa Paris haulizi sili alikuwa na umri gani. Bei ikaanguka kwa aina zote. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukaweka marufuku pana zaidi, ukiwaachia Wainuiti mlango, ila mlango wa sokoni ambako hakuna tena wateja hausaidii sana. Ukitaka kusikia wenyewe wakilisema jambo hili, tafuta filamu Angry Inuk ya Alethea Arnaquq-Baril, ya mwaka 2016. Hasira anayoionyesha ni ya taratibu, na ndiyo inayochoma.

Mama alijifunza kushona ngozi akiwa ameshapita miaka arobaini. Shangazi yake aliletwa Ottawa kwa matibabu, akakaa miezi kwenye nyumba ya wagonjwa, na begi lake lilikuwa na sindano, kipande cha kano kilichokaushwa na ulu iliyofungwa kwa taulo. Jioni kwa jioni, kwenye kitanda cha wagonjwa, akamfundisha mpwa wake yale ambayo vuli zote zile zilimpita. Shangazi alirudi nyumbani na hakuishi sana. Mjukuu wa kwanza wa Mama ana jina lake. Anapomfundisha mtoto huyo kushika sindano, kwa hesabu ya Kiinuiti anamfundisha mwalimu wake mwenyewe.

Nilimuuliza, kama mwandishi wa habari anavyouliza, kwa nini basi anatufundisha sisi wageni. Darasani tulikuwa sita, na hakuna Mwinuiti hata mmoja. Jibu lake halikuwa la ushairi. Ada yetu ya Alhamisi inanunua ngozi za Jumamosi, na Jumamosi ni darasa la vijana wa Kiinuiti, bure. Ngozi iliyotayarishwa vizuri ni ghali, na kijana anayejifunza huharibu ya kwanza. "Ninyi mnalipia makosa yao," alisema, akacheka sana.

Lakini aliweka mipaka. Tulishona vifuko vya sindano na glavu. Amauti hatukugusa. Pauktuutit, chama cha wanawake wa Kiinuiti kilichoanzishwa 1984, kimepigania kwa miaka mingi ulinzi wa vazi hilo, kwa kuwa sheria za hakimiliki zinamjua mbunifu mmoja mwenye jina na tarehe, hazijui ubunifu wa mama elfu. Kwa sanamu kuna angalau lebo yenye mchoro wa nyumba ya theluji, iliyoanza 1958 ili kutofautisha kazi halisi na za bandia za viwandani. Lebo hiyo ilikuwa mikononi mwa serikali kwa karibu miaka sitini, mpaka 2017 ilipokabidhiwa kwa Inuit Art Foundation.

Ukifika Ottawa, nenda National Arts Centre ukaangalie pazia kubwa la ukutani la Jessie Oonark. Mama huyu alizaliwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwenye nchi za Back River. Karibuu walipokosekana mwishoni mwa miaka ya 1950 na njaa ikaingia, alihamishiwa Baker Lake akiwa mjane mwenye watoto. Alianza kukata vitambaa vizito vya sufu, mabaki ya kushonea makoti, akavibandika na kuvidarizi: watu, ndege, ulu, nyuso zenye chanjo. Simama karibu uangalie mishono. Ni ile ile ya nguo. Hakuacha ushonaji ili awe msanii. Alishona tu, na safari hii wakalitundika ukutani.

Wiki nane zikaisha. Nina kifuko kimoja cha sindano, cha ngozi ya sili ya kijivu yenye mabaka. Siku ya mwisho Mama alikigeuza nje ndani, akapitisha ukucha kwenye mshono wote, akanirudishia. Kisha akanipa sharti la tatu: nisiuze ninachoshona, na nisifungue darasa. Nikamuuliza kuhusu kusimulia. Akafikiri kidogo, akasema kusimulia ni sawa, mradi niseme nilijifunza kutoka kwa mtu, na mtu huyo alijifunza kutoka kwa shangazi yake, na shangazi kutoka kwa mama yake, huko kabla ya ndege.

Basi nimesema.